Kuvuka Himalaya kwa Pikipiki: Hesabu za Kufanywa Kabla ya Kuondoka

Jioni hii, ndugu wasikilizaji, nataka kuzungumza nanyi habari za njia moja iliyo mbali sana na kwetu, katika nchi ya Bara Hindi, ipitayo katikati ya milima ya Himalaya toka mji wa Manali mpaka mji wa Leh ulioko Ladakh. Urefu wake ni kilomita 400 na zaidi kidogo. Mtu aliyezoea barabara njema atasema kwamba hiyo ni safari ya siku moja. Mimi nami nilisema hivyo, na kosa hilo ndilo lililonileta hapa niwaeleze jinsi safari ya namna ile ipasavyo kupangwa.

Kwanza fahamuni umbo la nchi yenyewe. Manali uko katika bonde la mto Beas, mita 2,050 hivi juu ya bahari. Una miti mirefu, matufaha, na mvua nyingi. Kaskazini yake imesimama milima kama kuta, ukuta nyuma ya ukuta, na barabara huivuka mmoja baada ya mmoja kwa vipito vya juu. Katika lugha ya watu wa Ladakh kipito cha mlima huitwa *la*, basi mtu akiona neno hilo mwisho wa jina katika ramani, na ajue kwamba hapo atapanda. Baada ya Manali kuna kipito cha Rohtang, mita 3,978, ambacho kilikuwa kikiwachosha wasafiri kwa matope na theluji. Lakini tangu Oktoba 1920 na miaka mia, yaani 2020, watu hupita chini yake kwa tundu refu lililochimbwa ndani ya mlima, kilomita 9 kasoro kidogo au kuzidi kidogo. Kisha huja mji wa Keylong, mita 3,080 hivi. Kisha Baralacha La, karibu mita 4,900. Kisha uwanda wa Sarchu, mita 4,290 hivi. Kisha barabara hujikunja mara 21 mahali paitwapo Gata. Kisha Lachulung La, mita zipatazo 5,060. Na mwisho Tanglang La, mita 5,328 hivi. Kwa kulinganisha, kilele cha Kibo chetu ni mita 5,895. Ndiyo kusema barabara ile humpandisha mwenye pikipiki mpaka mita 567 tu chini ya kimo cha Kibo, naye ameketi juu ya tandiko, hatembei kwa miguu. Hapo ndipo penye hatari, nami nitarudi kuieleza.

Jambo la pili ni majira. Vipito hivi hufungwa na theluji wakati wa baridi kali. Kikosi cha serikali kijengacho barabara za mipakani, kilichoundwa mwaka 1960, huifukua theluji ile, na kwa kawaida njia hufunguka mwezi wa Mei au Juni na kufungwa tena Oktoba au Novemba. Julai na Agosti ni miezi ya mvua kubwa ya pepo za kusi upande wa Manali, na milima hubomoka ikaangukia njia. Walakini ukiisha kuvuka kuta za kwanza, mvua husita, kwa maana mawingu yamekwisha kumwaga maji yake nyuma. Leh hupata milimita 100 hivi tu kwa mwaka mzima. Basi mpangaji mwenye busara huchagua mwisho wa Agosti au nusu ya kwanza ya Septemba. Asikawie zaidi ya hapo, maana wenye mahema ya kulaza wasafiri kule juu huanza kuyakunja na kuteremka, na usiku maji huganda ndani ya chupa.

Labda mtu ataniuliza, ikiwa upande wa pili hakuna mvua, mbona watu wazungumza habari za mito kuvuka barabara? Jibu lake ni theluji. Asubuhi jua halijapata nguvu, na vijito vitokavyo katika barafu ni haba, vyafika kwenye kifundo cha mguu. Adhuhuri theluji huyeyuka, na alasiri kijito kile kile huweza kufika magotini na kuvingirisha mawe. Kwa hiyo kila siku ya safari hupangwa kutoka alfajiri, ili vijito vivukwe kabla ya saa sita.

Sasa petroli. Karibu na Keylong kuna mahali paitwapo Tandi, mito miwili inapokutana, na hapo pana kituo cha mafuta. Kwa miaka mingi kibao kilichosimamishwa pale kiliwaonya wasafiri kwamba kituo kifuatacho kiko mbele kilomita 365. Afadhali kufanya hesabu kama kwamba kibao hicho ni kweli daima, kwa sababu kituo kilichoishiwa na mafuta hakimfai mtu. Pikipiki yangu ilikwenda kilomita 30 kwa lita moja katika nchi tambarare. Kwa mlima nilihesabu 25. Basi 365 kugawanywa kwa 25 ni lita 14.6, nikaongeza robo yake kwa ajili ya kupotea, kurudi nyuma, na kungoja penye maporomoko, ikawa lita 18 na robo. Tangi lilichukua lita 13. Dumu moja la lita 5 lisingetosha kwa robo lita. Nikachukua madumu mawili ya lita 3, nikafunga moja kila upande ili chombo kisilemee. Hesabu hiyo ilikuwa sawa, nayo ndiyo hesabu pekee niliyoifanya vema.

Kuhusu chombo chenyewe, wengi hukodi pikipiki ya Royal Enfield, ambayo imeundwa katika Bara Hindi tangu 1955, na fundi wa kila kijiji aijua. Kujulikana huko kwa fundi ni bora kuliko mbio. Chukua mpira wa ndani wa akiba, viraka, pampu, waya wa klachi na wa breki, plagi, na spana zinazolingana na nati zako. Na ujizoeze kutoa gurudumu nyumbani kwanza, si penye upepo wa mita 4,700. Katika uwanda wa Moré, ambao ni mpana na mzuri wa ajabu, niliambiwa habari ya mtu aliyekuwa na viraka bila gundi.

Tena usishangae injini ikidhoofika. Petroli huwaka kwa kuchanganywa na hewa kwa kipimo maalum. Kule Tanglang La hewa ni nyepesi hata mtungi wa injini hupata kiasi cha sehemu 6 tu katika 10 za hewa uipatayo pwani, na nguvu hupungua vivyo hivyo. Pikipiki za zamani zenye kabureta huendelea kuvuta petroli ile ile, basi mchanganyiko huzidi mafuta, moshi mweusi ukatoka na plagi ikafuka masizi. Pikipiki mpya hupima hewa zenyewe na kupunguza mafuta, lakini nguvu iliyopotea hazirudishi. Kwa sababu hiyo mzigo uwe mdogo. Wawili juu ya chombo kidogo, pamoja na masanduku, watashuka wasukume.

Na hewa hiyo hiyo inayopunguka katika injini hupunguka pia katika kifua cha mtu. Mwili waweza kuizoea, lakini wataka siku. Waganga wametoa kanuni: mtu akiisha kupita mita 3,000, mahali anapolala usiku huu pasizidi mahali alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne alale pale pale bila kupanda. Zingatieni kwamba kanuni yasema mahali pa kulala. Mchana waweza kuvuka kipito kirefu ukateremka. Dalili za kwanza za maradhi ya kimo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka zimwondoke. Zikizidi, akapumua kwa shida hata akiwa ameketi, au akapepesuka kama mlevi, maji yanaingia mapafuni au ubongo unavimba, na dawa yake kubwa ni moja: kumteremsha upesi, usiku au mchana. Iko dawa ya vidonge iitwayo asetazolamidi inayousaidia mwili kuzoea, nayo hutumiwa kwa shauri la daktari. Lakini haimpi mtu ruhusa ya kukataa kuteremka.

Sasa tazameni ramani tena kwa kanuni hii. Toka Keylong, mita 3,080, mpaka Sarchu, mita 4,290, ni kupanda mita 1,210 kwa usiku mmoja. Na Sarchu ni mtego: mbele yake kuna Lachulung, nyuma yake kuna Baralacha. Mgonjwa aliyeko pale hawezi kuteremka kokote pasipo kupanda kwanza.

Sisi tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu, kila mtu na pikipiki yake. Tulilala usiku mmoja Keylong, wa pili Sarchu, maana tiketi zetu za kurudi zilikwisha katwa na daftari letu halikuwa na siku hata moja ya akiba. Jioni mwenzangu alisema kichwa chamwuma. Nikamwambia ni jua. Usiku alitapika mara nyingi, na karibu na alfajiri alitoka hemani, akajaribu kutembea, miguu ikapishana. Namwonea haya kusema kwamba hata hapo tuliketi tukashauriana kama twende mbele, kwa kuwa mbele ndiko kwenye Leh na daftari lilisema Leh. Mwenye hema, mzee wa makamo, hakushauriana nasi. Alimtafuta dereva wa gari lililokuwa likirudi kusini, akamtia mwenzangu ndani na chupa ya hewa safi aliyokuwa nayo, nami nikafuata nyuma kwa pikipiki. Juu ya Baralacha gari lilisimama, nikadhani amekwisha. Dereva alikuwa akibadili gurudumu. Tulipofika Jispa, mita 3,200 hivi, mwenzangu aliomba chai, na Keylong akaonwa na daktari.

Pikipiki yake ilibaki Sarchu, na tiketi zote mbili zikapotea.

Mwaka uliofuata tuliipanga safari upya, na mpango huo ndio ninaowapa. Hatukuanzia Manali. Tulianzia Srinagar, mita 1,585, tukapita Zoji La, mita 3,530 hivi, tukalala Kargil, mita 2,676. Kesho yake tukavuka Fotu La, mita 4,108, tukalala kijiji kilicho chini kabla ya Leh, kisha Leh, mita 3,500. Njia hiyo hupanda kama ngazi, ile ya Manali hupanda kama ukuta. Leh tulikaa siku tatu bila kufanya kazi ila kutembea polepole na kunywa maji. Siku hizo si za kupotea bure, maana ndizo za kushughulikia karatasi: mgeni anayetaka kwenda bonde la Nubra au ziwa Pangong, karibu na mipaka, hana budi kupata kibali Leh, na nakala zake kadha wa kadha za kuacha kwa walinzi wa njiani. Cheti cha kimataifa cha kuendesha nacho kiwe tayari toka nyumbani, tena kiandikwe pikipiki, si gari tu. (Furaha moja kwa mtu wa Afrika ya Mashariki: kule nako watu hushika kushoto.) Na aliyekodi pikipiki mji mwingine aulize kwanza, kwa sababu wakodishaji wa Leh hawapendi pikipiki za kukodi za nje zizungushwe katika sehemu zile, na huweza kumrudisha.

Miili yetu ilipokwisha kuzoea, ndipo tulipoteremka kusini kwa njia ya Manali, tukiwa na siku tatu za akiba katika daftari. Tulitumia mbili: moja kwa sababu ya maporomoko, na moja kwa sababu mwenzangu alisema kichwa chazunguka kidogo pale Pang, nasi hatukubishana.

Sarchu tulilala kwa yule mzee. Alitukumbuka. Alileta wali na dengu, akamtazama mwenzangu akila, kisha akauliza kama tumekuja kulipa kodi ya mahali pikipiki iliposimama majuma mawili mwaka jana. Tukalipa.