Mipira ya Theluji na Mpira wa Akiba: Yafaa Kutazamwa Kabla ya Mavuno

Kila mwaka wakati wa kuchuma unapokaribia, sisi wakulima hukagua majamvi, hufagia sakafu za kuanikia na kushona magunia yaliyotoboka. Gari itakayopeleka karafuu kituoni haitazamwi na mtu mpaka siku inapokwama njiani. Msimu uliopita jambo hili lilitugharimu. Gari ndogo ya mizigo, ambayo baadhi yetu tulishirikiana kuikodi, iliteleza ikishuka mlima katika mvua ya vuli, ikaingia mtaroni. Hapana aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini magunia matatu yalirowa, na karafuu iliyokwisha kukauka ikarudi tena jamvini, na tulipoifikisha kituoni haikupata daraja la kwanza.

Mwenye gari alishangaa, kwa kuwa mipira yake ilikuwa na kashata ndefu na gari haikuwa na muda mrefu tangu kushushwa bandarini. Tulipoinama tukaitazama vizuri tuliona ubavuni pamechorwa mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima ule chembe ya theluji. Ilikuwa ni mipira ya nchi za baridi.

Twapenda wanachama waelewe jinsi mipira hii inavyotufikia. Gari nyingi tunazotumia visiwani hununuliwa Japani zikiwa zimekwisha tumika huko. Upande wa kaskazini wa nchi ile, hasa kisiwa cha Hokkaido, theluji huanguka kwa wingi sana, na wenye gari hubadilisha mipira yote minne baridi inapoingia. Zamani walikuwa wakitumia mipira yenye misumari ya chuma, lakini misumari ile ikachimba lami na kutimua vumbi lililowadhuru watu vifuani, hata mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia. Badala yake wakaendelea na mpira laini usio na misumari, wenye mikato midogo midogo mingi juu ya kashata, ambayo hung'ang'ania barafu. Huo ndio ambao ubavuni huandikwa STUDLESS. Ile ya Ulaya huwa na alama ya mlima tuliyoitaja, au herufi M+S, maana yake matope na theluji. Gari ikiuzwa wakati wa baridi, huja kwetu na mipira hiyo hiyo miguuni.

Sasa ubaya wake uko wapi? Mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu baridi inaposhuka chini ya digrii 7 hivi, ukapoteza nguvu ya kushika njia. Kwa hiyo mafundi wa huko wakatengeneza mpira unaobaki laini hata maji yakiganda. Kwetu sisi hata kipupwe hakitufikishi karibu na digrii 7, na mchana wa kaskazi hupita digrii 30. Katika joto hilo mpira wa theluji hulegea mno. Kashata zake hujikunja dereva anapokanyaga breki, gari ikaenda mbele zaidi kabla ya kusimama, na kwenye kona husikika kama inaelea. Ikibeba mzigo ndiyo huzidi. Kisha huisha upesi, kwa hiyo hata aliyedhani amepata mipira ya bure hupata hasara. Theluji iliyo karibu nasi kuliko zote iko juu ya Kilimanjaro, na hatumjui mwanachama apelekaye karafuu huko.

Wako madereva wasemao ati mpira wa M+S ni mzuri kwa udongo wetu mwekundu. Hatukatai kwamba kashata ndefu husaidia kidogo katika tope la njia za shambani. Lakini safari ya karafuu haiishii shambani. Sehemu kubwa yake ni lami yenye kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha lami ile ndiyo inayoua watu. Rai yetu ni kwamba mpira wa theluji usibebe magunia wala abiria. Asiyeweza kununua mipira minne kwa mara moja, basi anunue miwili, aifunge yote miwili nyuma, na aendeshe polepole mpaka apate mingine miwili. Watu wengi huona mipira mizuri iwekwe mbele kwenye usukani. Sivyo. Mipira ya nyuma ikiteleza gari hugeuka yenyewe, na dereva hana la kufanya. Ya mbele ikiteleza, akipunguza mwendo huweza kuirudisha. Usichanganye kabisa mmoja wa theluji na mmoja wa kawaida katika magurudumu mawili yanayokabiliana.

Mpira pia una umri. Tafuta ubavuni herufi DOT na namba nne mwishoni: 2319 maana yake ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka kumi, hata kama kashata zake bado zimesimama, umekwisha kukauka ndani, na nyufa nyembamba karibu na ringi ni ushahidi. Namba nyingine inayotuhusu ni ya uzito, iandikwayo baada ya kipimo cha mpira. Namba 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa mpira mmoja, yaani kilo 2,460 kwa minne. Katika hesabu hiyo imo gari yenyewe, dereva, utingo, magunia, na wale vijana wanaorukia juu ya magunia njiani. Tena magunia huelemea nyuma, hivyo mipira ya nyuma huweza kupita kiasi chake hali ya mbele bado ina nafasi.

Tuje kwenye mpira wa akiba. Wanachama wengi wenye gari ndogo za saluni wanao ule mwembamba, wenye herufi T mbele ya kipimo chake. Huo umetengenezwa umfikishe mtu kwa fundi tu. Mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa, na kwa barabara zetu za kona twashauri uwe chini ya hapo sana. Upepo wake ni mwingi kuliko wa mipira mingine, kwa kawaida paundi 60, na takriban kila unapopimwa hukutwa na nusu ya hapo, maana hapana aliyeukumbuka tangu gari inunuliwe. Kwa kuwa ni mdogo, huzunguka upesi kuliko mwenzake wa upande wa pili, na ukifungwa kwenye magurudumu yanayovuta gari, difu hupata moto na kuharibika. Kwa hiyo ikiwa gari yavutwa na magurudumu ya mbele na pancha imetokea mbele, chukua mpira mzima wa nyuma uupeleke mbele, na ule mwembamba uufunge nyuma. Ni kazi mara mbili, twajua, lakini difu haiuzwi bei ya pancha.

Gari za mizigo huning'iniza mpira wa akiba chini ya bodi, nao hupigwa matope na chumvi ya pwani. Mnyororo wake hushika kutu, na siku ya haja haushuki. Yafaa kuushusha kila mwezi, kuupima upepo, na kuupaka mnyororo grisi. Wengine hukwepa taabu hiyo kwa kuutupa juu ya magunia. Tafadhali tuache jambo hili. Karafuu hushika harufu upesi, na tope la mpira hupenya gunia.

Kubadilisha mpira njiani ndiko kulikowakata watu vidole na zaidi ya vidole. Usipandishe jeki mlimani; hata kama mpira umekwisha upepo, jikongoje polepole mpaka mahali tambarare, haidhuru mpira ule ukiharibika. Vuta breki ya mkono, tia gia, weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la pembe ya pili. Shusha watu wote. Shusha na magunia ikiwa mzigo ni mkubwa. Jeki haisimami juu ya udongo laini, basi iwekee ubao mpana chini. Nati zilegezwe kidogo gari ikiwa bado chini, kisha ndipo inyanyuliwe, na mtu asitie mguu wala mkono chini ya gari inayoshikwa na jeki peke yake. Kabla ya kuingiza mpira mpya, futa kutu na tope mahali ringi inapokaa, maana uchafu ukibanwa hapo nati hulegea baadaye. Kaza kwa kuvuka, nati hii kisha ile inayoielekea, wala usifuate duara. Ukisha kwenda kilomita 50 au 100, simama uzikaze tena. Magurudumu yanayochomoka njiani aghalabu ni yale yaliyofungwa siku ile ile au jana yake.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya gari kutembea, ukilinganishwa na karatasi iliyobandikwa mlangoni upande wa dereva. Mpira ulio moto huonyesha zaidi. Usiupunguze, maana ukipoa utakuwa pungufu, na mpira pungufu wenye mzigo ndio unaopasuka. Vifuniko vya valvu virudishwe. Ringi iliyopinda kwa shimo isigongwe nyundo na kurudishwa ikiwa imepata ufa.

Ama ile mipira ya theluji itakayovuliwa, usimwuzie jirani ukidhani umemsaidia. Wala isiachwe uani ikakinga maji ya mvua, kwani mbu waletao homa ya dengue huzaa humo; itobolewe au ifunikwe. Na isichomwe karibu na sakafu ya karafuu. Mwenye nyumba mlimani aweza kuijaza udongo na kuipanga ngazi kwenye kingo, nayo huzuia udongo usiondoke na mvua.

Geji ya Chama ipo ofisini na mwanachama yeyote aweza kuiazima asubuhi. Tunaomba irudishwe siku ile ile, kwa kuwa ni moja tu.