Mlima wa Taka Waweza Kuwa Nyumba, Lakini Upimwe Kwanza



Shaba ya Zambia inayoshuka kwa reli ya TAZARA na kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam imeacha nyuma yake milima ya taka. Katika kila kilo 100 za mawe ya machimbo hupatikana kilo chache tu za shaba. Yanayobaki hutupwa. Je, taka hiyo haina faida? Inayo, na hatari inayo pia. Tutaeleza yote mawili.

Taka hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni unga wa mawe yaliyosagwa ili kutoa madini, nao humwagwa pamoja na maji katika mabwawa. Ya pili ni ile inayoelea juu madini yanapoyeyushwa katika tanuri, kama yale ambayo wahunzi wetu waliyaita mavi ya chuma. Ikipoa huwa nyeusi na ngumu kama jiwe. Mjini Kitwe rundo lake ni kubwa hata watu huliita Mlima Mweusi.

Taka ya tanuri la shaba ikipondwa huwa kokoto za barabara na za zege. Ikisagwa laini huweza kushika nafasi ya sehemu ya mchanga. Mavi ya chuma yaliyopozwa ghafula kwa maji yamekuwa yakisagwa na kutiwa katika saruji huko Ulaya tangu karne ya 19. Unga wa mawe nao huchanganywa na saruji na maji kidogo, hushindiliwa katika kalibu, kisha tofali huwekwa kivulini na kumwagiwa maji kwa siku 7 au zaidi. Tofali hilo halichomwi, kwa hiyo halili kuni. Ndugu zetu wa mashamba ya miwa na mpunga nao wajue kwamba majivu ya makapi ya miwa na ya maganda ya mpunga, yakichomwa vizuri na kusagwa, huweza kupunguza saruji inayohitajiwa.

Kupunguza milima hiyo ni kuokoa maisha pia. Tarehe 25 Septemba 1970, huko Mufulira, matope ya taka yaliyokuwa juu ya mgodi yalititia na kuingia chini, yakawaua wachimbaji 89 wa zamu ya usiku. Mwezi Juni 2018 sehemu ya Mlima Mweusi iliporomoka na kuwaua watu 10 waliokuwa wakichimbua mabaki ya shaba. Na Februari 2025 ukuta wa bwawa la taka ulibomoka karibu na Kitwe, maji ya asidi yakaingia katika Mto Kafue.

Lakini taka zote si sawa. Tutazame mji wa Kabwe. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, ila taka ilibaki. Vumbi lake huingia majumbani, na watoto wamepimwa wakakutwa na risasi nyingi katika damu. Risasi huharibu akili ya mtoto. Mtu akijenga kwa taka ya namna hiyo, atakuwa amewalaza wanawe ndani ya sumu. Kuna na taka yenye salfa. Hiyo ikipata maji na hewa hutoa asidi inayokula zege na nondo, na nyumba hupasuka baada ya miaka michache.

Basi mwajiri akituletea mpango wa kufyatua matofali ya taka, tumwulize kupitia chama chetu maswali matatu. Kwanza, taka imepimwa risasi, aseniki na salfa, na tofali lenyewe limelowekwa ili kuona kama linatoa sumu? Pili, kazi ya kuponda na kusaga itafanywa kwa kunyunyizia maji na kwa vifaa vya kuzuia vumbi? Vumbi la mawe huua mapafu polepole, na mapafu yaliyokufa hayaponi. Tatu, faida itamfikia nani?

Majibu tuyapate kwa maandishi kabla ya koleo la kwanza kuinuliwa. Taka hiyo imetoka katika jasho la wafanyakazi. Ikiwa itageuka nyumba, iwe nyumba ambayo mfanyakazi anaweza kuishi na watoto wake bila hofu.