Gesi Isiyosikika Puani

Je, umewahi kukaa chumbani na seredani inawaka, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua, mara kichwa kikaanza kugonga? Wengi wetu tunasema "malaria hiyo", tunameza vidonge, tunajilaza papo hapo. Hatari yenyewe ndiyo hiyo.

Mkaa ukiwaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta hung'ang'ania kwenye seli nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka, lakini oksijeni haifiki. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia mwanzo.

Sasa mbona pua haituambii? Ndani ya pua mna mamilioni ya seli za neva, na juu yake vipokezi, tuseme ni kufuli. Harufu ndiyo ufunguo. Ukipita palipoanikwa karafuu, ufunguo wake unaingia, seli inapeleka umeme kidogo ubongoni, nawe unajua. Kwa kaboni monoksaidi pua yetu haina kufuli.

Wachimba makaa ya mawe Uingereza walishuka mgodini na chiriku wa manjano ndani ya kitundu. Ndege huyo huvuta hewa kwa kasi, kwa hiyo gesi humwangusha kabla ya mtu. Akianguka, watu mbio! Maskini chiriku, kazi hiyo aliifanya hadi miaka ya 1980, ndipo vikachukua nafasi yake vigunduzi vya umeme.

Wanasayansi wa leo hawamtaki mnyama mzima, wanataka seli tu. Agosti 2017, kwenye mkutano wa TEDGlobal Arusha, Mnigeria Oshiorenoya Agabi alionyesha Koniku Kore: seli za neva za panya juu ya chipu ya kompyuta, zilizofunzwa kutambua harufu ya vilipuzi. Seli ikiguswa na harufu inatoa umeme, chipu inausoma. Ugumu ni kuziweka hai. Zinataka chakula, unyevu na joto lake, utadhani mtoto mchanga.

Kifaa kama hicho hakimo nyumbani kwako. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja nzima ilikosa umeme. Nilikuwa mtoto, nakumbuka jenereta zikinguruma kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, nyingine chini ya dirisha la mtu. Moshi wa jenereta nao una gesi hiyo hiyo.

Kwa hiyo kigunduzi ulichonacho ni mwili wako, nao huchelewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, lakini homa hakuna. Na mkiwa wengi chumbani, mnaumwa pamoja. Ukitoka nje unapata nafuu. Basi tokeni, seredani ibaki uani. Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango, mtoe haraka, mpeleke hospitali. Na umwambie daktari kwamba chumbani mlikuwa na moto wa mkaa, maana yeye hakuuona.