Redio Mpya, Spika Kimya: Namna ya Kuiamsha Amplifaya ya Kiwandani

Gari linaloshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa likitokea Japani huja na redio nzuri isiyofaa sana huku. FM ya Japani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, kisha ikaongezwa hadi 95, ilhali stesheni za Afrika Mashariki hutangaza kati ya 88 na 108. Ramani iliyomo ni ya Japani, na maandishi ya kwenye kioo ni ya Kijapani. Ndiyo maana mafundi wa redio za magari hawakosi kazi, iwe Kariakoo au Nairobi. Ya zamani inang'olewa, redio ya Android inapachikwa, mteja anawasha gari na kuondoka.

Mara mojamoja, hata hivyo, hutokea gari linalomtoa fundi jasho. Redio mpya inawaka, simu inaunganishwa, namba za stesheni zinaonekana, lakini hakuna spika hata moja inayolia.

Gari la namna hiyo aghalabu huwa na nembo kwenye vifuniko vya spika: JBL kwa baadhi ya Toyota, Bose kwa baadhi ya Nissan na Mazda, Mark Levinson kwa Lexus, au McIntosh kwa baadhi ya Subaru Legacy za miaka ya 2000. Nembo hiyo humwambia fundi kwamba redio haizungumzi na spika moja kwa moja. Katikati ipo amplifaya iliyofungwa kiwandani, imefichwa chini ya siti, kwenye buti au ndani ya dashibodi. Mpango huu una umri wa miongo minne na zaidi: General Motors na Bose waliuleta pamoja kwenye modeli za 1983 za Cadillac, Buick na Oldsmobile.

Fundi mwenye haraka huiruka amplifaya hiyo na kuvuta waya kutoka redio mpya hadi kwenye spika. Sauti inapatikana, ila hasara yake ni kubwa. Redio nyingi za dukani zimetengenezwa kwa spika za omu 4, wakati spika nyingi za Bose zina omu 2 au pungufu. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo redio inavyotoa mkondo mkubwa zaidi wa umeme, ikachemka na mwishowe kuungua. Hata isipoungua, nguvu yake ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Boksi huandikwa wati 50 mara nne, lakini umeme wa gari lenye injini inayonguruma ni takriban volti 14, na kwa spika ya omu 4 umeme huo hauwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 25. Redio nyingi huishia kati ya wati 15 na 20. Amplifaya ya kiwandani, iliyopangwa kwa ajili ya spika zilezile na umbo la gari lilelile, inastahili kuokolewa, na kuiokoa kunaanza kwa maswali matatu.

La kwanza: inaamshwa na nini? Amplifaya nyingi hulala mpaka zipokee volti 12 kutoka kwenye redio kupitia waya mwembamba ambao mafundi huuita wa rimoti. Kwenye redio za dukani waya huu kwa kawaida ni wa bluu wenye mstari mweupe. Usipounganishwa, amplifaya nzima inakaa kimya, na mwenye gari anaambiwa imekufa. Kabla ya kuihukumu, fundi apime kwa mita: redio ikiwaka, je, volti 12 zinafika kwenye amplifaya? Mara nyingi ugonjwa wote uko hapo.

La pili: inategemea sauti ya kiwango gani? Redio ina milango miwili. Plagi za RCA hutoa umeme mdogo, volti 2 hadi 4 hivi. Nyaya za spika hutoa mkubwa zaidi, unaoweza kupita volti 10. Amplifaya inayosubiri ule mdogo ikipewa ule mkubwa hukwaruza, na inaweza kuharibika. Dawa yake ni kisanduku cha kushusha kiwango, chenye skrubu ya kurekebishia. Redio hufunguliwa hadi robo tatu ya sauti yake, skrubu hupandishwa taratibu mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha hurudishwa nyuma kidogo. Kosa la hatari hapa ni kuzifunga nyaya hasi za spika kwenye bodi ya gari. Katika redio za kisasa nyaya hizo nazo hubeba umeme wa sauti, na kuzigusisha na bodi kunaweza kuunguza redio.

Swali la tatu ndilo gumu zaidi: je, amplifaya inasubiri amri za kidijitali? Baadhi ya Toyota zenye JBL hupokea amri, pamoja na ya kupandisha sauti, kupitia mtandao wa data unaoitwa AVC-LAN. BMW, Mercedes-Benz na Audi nyingi zilitumia MOST, ambamo sauti husafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za plastiki zilizofungwa kwa duara. Ukiondoa kifaa kimoja duara linakatika, na vyote vilivyomo vinanyamaza. Hapo hakuna waya wa kusokota kwa koleo. Inahitajika adapta ya gari husika, kama zinazotengenezwa na Metra na PAC za Marekani au Connects2 ya Uingereza, na huulizwa kwa modeli, mwaka na jina la mfumo wa muziki. Jina la gari peke yake halitoshi, kwa sababu Harrier mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana: moja ina JBL, nyingine haina.

Kwa hiyo mwenye gari amwombe fundi asikate soketi ya kiwandani. Zipo soketi za kuchomeka upande mmoja kwenye gari na mwingine kwenye redio mpya. Zikitumika, redio ya zamani inaweza kurudishwa siku yoyote. Kabla ya kazi, waya hasi wa betri ufunguliwe, na soketi za njano za mifuko ya hewa ziachwe kabisa.

Kazi ikiisha, majaribio yafanyike palepale gereji. Injini iwashwe na gia iwekwe huru, kisha mafuta yakanyagwe: mluzi unaopanda pamoja na injini kwa kawaida huashiria ethi mbovu, au nyaya za sauti zilizolazwa sambamba na za umeme. Halafu gari lizimwe, ufunguo utolewe, na waya wa rimoti upimwe tena. Mita ikionyesha bado kuna volti 12, waya huo umeungwa kwenye umeme usiozimika. Amplifaya itakesha, na gari likiachwa hivyo betri itaishiwa nguvu. Fundi auhamishe kabla ya kulipwa.