Maradhi Yaua, Wazee Wabebeshwa Lawama

Mtu mzima aamka alfajiri huko Ganze au Magarini, ashika njia ya shamba, na kabla ya adhuhuri aonekana ameanguka, jembe lingali mkononi. Mdomo umekwenda upande, ulimi umekuwa mzito, mkono mmoja haunyanyuki. Jioni amekwisha fariki. Matangani, baina ya kilio na kahawa, swali huwa ni moja: jana alikuwa mzima, basi nani kamfanyia hivi?

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Dalili hizo ni za kiharusi, na kiharusi aghalabu huzaliwa na shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Wahenga walisema mficha maradhi mauti humuumbua, lakini huyu hakuficha lolote. Presha haiumi. Mtu huweza kuishi nayo miaka kumi, alime, avue, acheze ngoma, asijue kwamba moyo na mishipa yake inachakaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watu wazima wa Kenya hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja, na asilimia 88 hawakuwa wamepimwa sukari. Nasi watu wa pwani twavuna chumvi Gongoni na Marereni, na twaila bila hesabu.

Basi daktari anapokosekana, jibu hutafutwa kwa mganga, naye hakosi jibu. Mara nyingi kidole humwelekea mzee wa ukoo uo huo, mwenye mvi na macho mekundu. Kaunti ya Kilifi imezika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na baadhi ya walionusurika walilazimika kuyaacha makwao na kutafuta hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze. Sisemi kwamba kila panga lililoinuliwa lilitokana na kiharusi. Tamaa ya ardhi ina sehemu yake, tena kubwa, na wapo wana wanaomwita baba mchawi kwa sababu tu hajagawa shamba. Hata hivyo, kisingizio hicho huhitaji kifo kisichoelezeka, na vifo vya namna hiyo ndivyo tunavyovilimbikiza.

Ajabu ni kwamba Kilifi hiyo hiyo ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako vifo vimehesabiwa kwa makini. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwapo mjini humo tangu 1989. Tangu 2000 wamekuwa wakizuru nyumba hadi nyumba katika eneo la kilomita za mraba 891, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama na nani kafariki. Tangu 2008 huketi na waliofiwa wakauliza kwa utaratibu: Alikohoa? Alipooza? Upande gani? Kwa muda gani? Majibu hayo hupimwa, na sababu ya kifo hupatikana. Miongoni mwa wazee, maradhi yasiyoambukiza huonekana kuwa na sehemu kubwa.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni kifafa. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba wenye kifafa cha kuanguka huko Kilifi walikuwa wakifa kwa kiwango kinachozidi mara sita kile cha watu wengine, na kwamba kutotumia dawa kulizidisha hatari hiyo. Dawa yenyewe, fenobabito, ni miongoni mwa zilizo rahisi kabisa kwa bei. Lakini kifafa nacho huambiwa ni pepo, na mgonjwa huachwa aangukie motoni au kisimani.

Shirika la Afya Ulimwenguni lasema maradhi yasiyoambukiza yaliua watu wasiopungua milioni 43 mwaka 2021, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Idadi kama hiyo haimshtui mtu wa Bamba. Kinachomgusa ni kifo cha jirani, na hapo ndipo serikali ya kaunti ingeweza kufanya kazi isiyo na gharama kubwa. Wahudumu wa afya wa jamii walianza kupewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari mwaka 2023. Ni jambo jema, mradi zahanati zisiishiwe vidonge, kwa kuwa kipimo bila dawa humpa mtu hofu tu.

Naongeza ombi moja. Mhudumu huyo afike pia matangani, pamoja na chifu, siku ile ile ya kilio, aulize jinsi marehemu alivyoanguka, kisha awaeleze wafiwa kwa Kigiriama chepesi jina la ugonjwa uliomchukua mtu wao. Afike mapema. Pembeni, chini ya mnazi, huwa ameketi mzee mwenye mvi ambaye hakuna anayemkaribia, na mganga naye ameshaitwa.