Je, Wajua? Ayala haoni fulana, huona uso

Katika misitu ya Marekani, mwindaji wa ayala wa mkia mweupe huvaa fulana ya rangi kali ya chungwa, kisha akajipaka masizi usoni. Kichekesho? La. Jicho la ayala lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, letu lina tatu, hivyo nyekundu na chungwa kwake hufifia. Fulana hiyo, ambayo majimbo mengi huidai kisheria msimu wa bunduki, ni ya kuonwa na wawindaji wengine wasije wakampiga risasi mwenzao.

Uso ni jambo jingine. Ngozi, iwe nyeupe au nyeusi, hung'aa kwa mafuta na jasho, na kichwa ndicho kinachogeuka-geuka. Macho ya ayala, yaliyo pembeni mwa kichwa, hunasa mtikisiko karibu pande zote. Basi watu hujipaka rangi au masizi ya kizibo kilichochomwa, ama hujifunika wavu, ambao nao una kero yake: ukiteleza mbele ya jicho, shabaha imepotea. Jinzi ya bluu je? Afadhali ibaki nyumbani. Rangi hiyo ayala huiona barabara.