Mnadhiri: Nywele Ndefu na Mlango wa Mahali Patakatifu

Katika Biblia ya Kiswahili, mtu aliyetengwa kwa ajili ya Mungu na kuziacha nywele zake zikue huitwa Mnadhiri. Wasomaji wengi humfahamu kwa njia ya Samsoni, na kutokana na habari zake huamini kwamba nguvu za kiroho hukaa ndani ya nywele zenyewe. Makala hii yaonyesha kwamba sheria ya unadhiri haifundishi hivyo. Nywele ndefu zina maana kwa sababu kuna mahali patakatifu ambapo, siku zikitimia, zitanyolewa.

1. Neno na asili yake

Neno mnadhiri limeundwa kutokana na nadhiri, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu: ni ahadi ambayo mtu hujifunga nayo mbele ya Mungu. Kiebrania chasema nazir, na mzizi wake wahusu hasa kujitenga. Ahadi yenyewe huitwa neder. Hivyo wafasiri walipata neno lililo karibu na la asili kwa sauti, tena lililokwisha kuzoeleka, lakini mkazo ulihama kutoka kutengwa hadi kuahidi. Hata hivyo, faida ipo. Msomaji wa Kongo aliyezoea Kifaransa aweza kuchanganya naziréen na nazaréen. Kiswahili chatofautisha wazi Mnadhiri na mtu wa Nazareti.

Matumizi mengine ya neno hilo la Kiebrania yafaa kukumbukwa. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, mzabibu usiopogolewa katika mwaka wa mapumziko ya ardhi huitwa pia nazir. Mzabibu huo haukuahidi neno lolote. Umeachwa tu, chuma kisiuguse. Kichwa cha mnadhiri ni vivyo hivyo.

2. Sheria ya kitabu cha Hesabu

Sura ya 6 ya Hesabu yafungua njia hii kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Katika muda wake wote mnadhiri hali wala hanywi kitokacho katika mzabibu, hapitishi wembe kichwani, wala hakaribii maiti, hata ya baba yake au mama yake. Mtu akifa ghafula karibu naye, hunyoa, hupeleka sadaka mlangoni pa hema ya kukutania, kisha huanza kuhesabu upya. Siku za kwanza zimepotea pamoja na nywele zilizoota ndani yake. Kwa hiyo nywele ni kama hesabu iliyoandikwa mwilini: urefu wake ni urefu wa siku za kutengwa.

Siku zikitimia, mnadhiri huja kwenye mlango huohuo na mwana-kondoo dume, mwana-kondoo jike, kondoo dume, na kikapu cha mikate isiyotiwa chachu. Hapo hunyoa, na nywele hutiwa katika moto ulio chini ya sadaka ya amani. Harudi nazo nyumbani, wala haziweki kama hirizi. Kunyoa mahali hapo ndiko kuitimiza nadhiri.

3. Samsoni na Samweli

Samsoni hakuweka nadhiri yoyote. Alitengwa kabla ya kuzaliwa, na kutengwa kwake kulikuwa kwa maisha yote. Hapa neno la Kiswahili lapungukiwa kidogo, kwa kuwa lamdokezea msomaji ahadi ambayo haikutolewa. Kitabu cha Waamuzi chasema tena na tena kwamba nguvu zilimjia kwa Roho ya Bwana. Vishungi vyake saba vilinyolewa akiwa amelala magotini pa Delila, pasipo kuhani, pasipo sadaka, pasipo moto. Wembe ulipita kabla ya wakati na mbali na mahali pake.

Kinyume chake ni Samweli. Hana, mama yake, aliweka nadhiri kwamba wembe hautapita kichwani pa mtoto. Naye alipomwachisha ziwa alimpeleka Shilo, penye nyumba ya Bwana. Huko nadhiri na mahali vilikutana.

4. Mlango ulipokosekana

Baadaye Hekalu la Yerusalemu lilishika nafasi ya hema. Mishna yataja chumba cha wanadhiri katika ua wa wanawake, walimopika sadaka zao na kunyoa. Nadhiri isiyotajiwa muda ilikuwa ya siku 30. Gharama haikuwa ndogo, na katika Matendo ya Mitume, sura ya 21, Paulo aombwa awalipie watu wanne wapate kunyoa.

Mwaka 70 Hekalu lilibomolewa. Mishna yasimulia juu ya wanadhiri waliofika kutoka uhamishoni wakalikuta limekwisha kuharibiwa. Wenye hekima waliamua kwamba aliyeweka nadhiri kabla ya maangamizi hayo angali mnadhiri. Watu hao walikuwa na nywele zao, lakini hawakuwa na mlango wa kuzipeleka.

5. Mfano wa hija

Mpango unaofanana na huo waonekana katika Uislamu. Mwenye kuingia katika ihramu hakati nywele. Sura ya pili ya Kurani, aya ya 196, yamkataza kunyoa mpaka mnyama wa dhabihu afike mahali pake. Na mahujaji hunyoa au kupunguza nywele huko Mina, baada ya siku ya Arafa. Hapa pia nywele huachwa, safari hufanywa, na mahali ndipo pahitimishapo.

Kwa kumalizia, mwalimu au mhubiri aelezaye habari za Samsoni kwa Kiswahili hana budi kutazama pande mbili za neno mnadhiri: ahadi inayosikika katika Kiswahili, na kutengwa kunakosemwa na Kiebrania. Akisahau upande wa pili, hubaki na nywele tu, naye atawafundisha watu kuziogopa au kuzitumainia. Akiukumbuka, atawaonyesha kwamba nywele zilipimwa kwa siku, na siku zilihesabiwa kuelekea mlangoni.